Mwalimu Aliyesoma Damu Majanini

Mwalimu hakuweza kusubiri lifti. Jengo letu la Flemingdon Park, huku ughaibuni, lilikuwa na lifti tatu, moja mbovu siku zote, na mara nyingi nilimkuta akipanda ngazi hadi ghorofa ya nane na mifuko ya sokoni mikononi, akihema na kulalamika. Foleni ya benki ilimshinda. Kwa daktari alikaa dakika ishirini tu, kisha akaondoka na ugonjwa wake. Ukimsimulia jambo refu, alikukatiza na kukumalizia mwenyewe, na mara nyingi alikosea mwisho wake. Basi nilipoambiwa kwamba mwanamke huyu hukaa juu ya ulingo msituni saa nne nzima bila kukohoa, akimngoja mnyama kwa upinde na mshale, sikuamini. Nilidhani ni porojo za wanawake wa msikitini.

Tulimwita Mwalimu sote, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu kila Jumamosi aliwafundisha watoto wetu Kiswahili katika chumba cha chini cha jengo, karibu na mashine za kufulia. Siku nyingine za wiki alikuwa karani katika kampuni ya mizigo kule Downsview. Alikuwa Mhindi wa Kondoa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, mimi niliyezaliwa Morogoro. Binti yangu Zuhura alikuwa mwanafunzi wake, ndiyo maana kwa Mwalimu sikuwa na jina lingine ila Mama Zuhura, au mdogo wangu siku alizokuwa na furaha.

Darasani alikuwa na hila moja. Watoto wetu wanaelewa Kiswahili, lakini wakiulizwa hujibu kwa Kiingereza. Mwalimu hakuwagombeza. Mtoto akijibu kwa Kiingereza, yeye alitega sikio, akakunja uso, akamwomba arudie, kana kwamba sikio lake lina nta. Aliendelea hivyo mpaka mtoto achoke na kutafuta neno la Kiswahili. Watoto waliamini kabisa kwamba Mwalimu hajui Kiingereza. Siku moja Zuhura alimsikia kwenye simu akibishana na kampuni ya umeme kwa Kiingereza cha kasi, akaja nyumbani amekasirika kama aliyeibiwa.

Upinde wake alioutumia kuwindia aliubeba ndani ya mfuko wa kinanda. Ulikuwa wa madini mepesi, una vigurudumu viwili kwenye ncha na upote, ile kamba ya kuvutia, unaopita huko na huko, na haukufanana hata kidogo na pinde nilizoziona kwetu. Aliununua kwa bei ya chini kutoka kwa mwenzake wa kazini, mwanamke dereva wa foklifti ya kuinulia mizigo, ambaye ukoo wake wote huwinda. Mwalimu aliona sugu kwenye vidole vya yule mwanamke, akamuuliza zimetoka wapi. Ndivyo ilivyoanza, kwa swali la sugu. Alijifunza kulenga wakati wa mapumziko ya mchana, katika ukumbi wa mazoezi ulio jirani na ofisi yao, miaka miwili kabla hajathubutu kumlenga kiumbe. Watu wa jengo letu walipomwona na mfuko ule kwenye ngazi walidhani anapiga muziki. Mzee mmoja wa ghorofa ya tano alimwalika atumbuize kwenye harusi ya mwanawe. Mwalimu alimjibu kwamba chombo chake kina noti moja tu.

Niliingia katika mambo haya kwa sababu ya gari. Mwalimu hakuendesha gari. Aliliogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka, na alisema gari humfikisha mtu mahali kabla macho yake hayajafika. Yule mwenzake alipohamia mji mwingine, Mwalimu alikuja mlangoni kwangu na sahani ya visheti. Akaniuliza kama nitaweza kumpeleka kaskazini asubuhi chache za mwezi wa kumi, wakati msimu wa mishale unapofunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kutunza wagonjwa majumbani, na siku zangu za mapumziko ziliangukia katikati ya wiki. Nilikubali kwa udadisi tu. Nilitaka kuona.

Tulipita Richmond Hill, tukaenda nusu saa zaidi, mpaka shamba la mzee mmoja wa asili ya Italia aliyekuwa na miti ya matufaha, na nyuma yake msitu na bonde lenye kijito. Wanyama walimtafunia miche yake, naye alimpa Mwalimu ruhusa kwa moyo mweupe. Mimi niliketi jikoni kwake nikinywa kahawa kali, Mwalimu akapotelea mitini.

Jina la mnyama wa kahawia aliyemwinda lilitugombanisha mwaka mzima wa kwanza. Mimi nilisema kulungu. Yeye alisema kulungu ana mistari na madoa, huyu hana. Paa ni mdogo mno, swala hupenda mbuga. Alileta hoja hiyo mpaka darasani, watoto wakapiga kura, na kulungu akashinda kwa sababu ndilo jina lililowachekesha. Mwalimu alikubali kushindwa, lakini kila alipolitamka alitulia kidogo kabla, kama mtu anayeruka dimbwi.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba nyama hakuipenda. Alikula vijiko viwili vya pilau aliyoipika mwenyewe, akarudi kwenye choroko zake. Nyama aliigawa katika mifuko midogo, kila mlango wa ghorofa yetu na nusu ya msikiti. Na alikuwa na masharti yake. Alisoma Bismillahi kabla ya kuachia mshale. Alimuuliza shehe, akasikiliza, kisha akajiwekea mpaka mkali kuliko aliopewa: mnyama asiyempata siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama, hamli wala hampi mtu kula. Nilimuuliza, basi huyo akishampotea anafanya nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yana unyevu. Akasema anamtafuta kesho yake.

Kumtafuta ndiyo kazi iliyokuwa yake hasa. Kupiga mshale, alisema, ni jambo la kupepesa jicho. Kulungu aliyepigwa vizuri hukimbia hatua mia moja na kuanguka, lakini katika majani makavu ya mwezi wa kumi hatua mia moja zinatosha kumpoteza. Hapo ndipo Mwalimu wa foleni ya benki alipogeuka mtu mwingine. Alisimama pale mnyama aliposimama, akaokota nywele, akazipangua kiganjani: hizi nyeupe ni za tumbo, hizi ndefu zenye ncha nyeusi ni za mgongo. Mshale aliunusa. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, ngoja nusu saa, ufuate. Damu nzito iliyoiva ni ya ini, ngoja zaidi. Kila alipoona tone aliweka kipande cha karatasi laini, na baada ya muda ungegeuka nyuma ukaona mstari mweupe unaokuonyesha mnyama alielekea wapi.

Alinifunza kutembea kando ya njia, kamwe si juu yake. “Usikanyage unachokisoma, Mama Zuhura,” aliniambia siku ya kwanza, na nilijikuta nikiruka nyuma kama niliyekanyaga msahafu. Alama ikipotea, hakuzunguka ovyo. Alisimama kwenye tone la mwisho, akainama, kisha akapiga magoti, na mara nyingine alilala kifudifudi kabisa, shavu ardhini, akitazama majani kwa ubavu. Alisema damu nyingine haiko chini, iko kwenye mashina, kwa urefu wa mbavu za mnyama. Nilimwona akiipata kwenye bua la nyasi, tone dogo kuliko mbegu ya ufuta. Mwanamke huyohuyo alifumba macho alipochomwa sindano ya mafua, akanishika mkono mpaka ukauma.

Nimeeleza haya ili ieleweke kilichotokea mwaka wetu wa tano.

Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa chini. Saa mbili hivi nilimwona kupitia dirisha la jikoni akirudi kutoka msituni, anatembea polepole, upinde mkononi badala ya kuwa mfukoni mwake. Alinionyesha mshale. Ulikuwa na uchafu wa kijani, na harufu yake niliipata kabla hajafika mlangoni. Kulungu dume alikuwa amepiga hatua moja mbele wakati Mwalimu akiachia vidole. Mshale ulipita tumboni.

Mnyama aliyepigwa tumboni hufa, lakini hufa polepole. Akiachwa, hulala karibu. Akifukuzwa, huondoka na kwenda mbali na uchungu wake, na damu yake haitoki nje ya kutosha kufuatwa. Mwalimu alituambia haya mimi na mwenye shamba, kisha akasema tutangoja muda wa saa sita. Mwenye shamba alionyesha mawingu. Alisema mvua inakuja, itaosha kila kitu, heri kwenda sasa. Mimi nilikubaliana naye, na nilifikiria pia ule mpaka wake wa jua kuzama. Saa sita zingetuacha na mchana mdogo sana.

Mwalimu aliketi garini mwangu, kiti cha mbele, mikono mapajani. Hakusoma, hakula. Mvua ilianza saa sita mchana. Ilikuwa nyepesi, lakini kila tone lililogonga kioo nilimwona akifumba macho kidogo. Nilimuuliza mara mbili kama tusingeenda. Mara ya pili alinijibu bila kunitazama.

“Nikienda sasa, nitakwenda kwa ajili yangu,” alisema. “Ni mimi nisiyeweza kukaa. Yeye anahitaji kulala.”

Saa nane tukaingia. Damu ilikuwa imeondoka, kama alivyosema mwenye shamba. Mwalimu alifuata kwato, na pasipo na kwato alifuata majani yaliyopinduliwa, kwa sababu upande wa chini wa jani hubaki mkavu na rangi yake ni tofauti. Tulikwenda hatua mia mbili kwa muda wa saa moja na nusu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiweka karatasi, zikilowa na kulegea papo hapo. Tulifika penye vichaka vilivyoshikana, kijito kikisikika chini. Mwalimu akainua mkono. Akanionyesha kwa kidevu. Mbele yetu, kama hatua arobaini, niliona kitu cha kahawia ambacho mwanzo nilidhani ni gogo, kisha gogo likageuza sikio.

Simu yangu ikalia.

Alikuwa Zuhura, amerudi kutoka shuleni, anauliza ufunguo uko wapi. Sikujua hilo mpaka baadaye, kwa sababu nilikuwa nikihangaika na mfuko wa koti kwa vidole vilivyokufa ganzi. Nilipofaulu kuizima, kulungu alishasimama. Aliondoka akiwa amejikunja mgongo, si mbio, akashuka kijitoni, akapanda ng’ambo, akapita chini ya ua wa waya uliotenga shamba lile na la jirani.

Mwalimu alikwenda mahali alipokuwa amelala. Aliweka kiganja chini kwenye majani yaliyolaliwa, akakiacha hapo. Mimi nilisimama nikilia. Hakunigombeza. Mtu aliyewahi kumfokea karani wa posta kwa kuhesabu stempu polepole alinipokea karatasi zilizolowa mkononi.

Tulikwenda kugonga kwa jirani. Hakukuwa na gari, wala mtu. Mwenye shamba alisema jirani hana neno, turuke ua tu, kulungu hawezi kuwa mbali. Mwalimu alikataa. Alisema ruhusa aliyonayo inaishia kwenye waya. Tulisimama mlangoni kwa mtu asiyekuwepo mpaka giza likaanza kuingia na mpaka wake Mwalimu ukapita. Nilijua kwamba kuanzia dakika ile hapakuwa tena na nyama. Nilidhani pia kazi imekwisha.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu kabla sijavaa viatu. Alimpigia mwajiri wake simu akaomba siku, nami nikamwomba mwenzangu anishikie zamu. Jirani yule alikuwa amerudi, akatupa ruhusa akiwa bado na mswaki mdomoni. Kwa Mwalimu haikuwa kazi ndefu, dakika arobaini hivi. Kulungu alikuwa kwenye matete kando ya bwawa dogo, amekufa, na mbweha wa huku wakubwa walikwisha mla upande mmoja. Mwalimu alichuchumaa mbele yake. Alitoa leseni yake, akaandika siku na saa, akafunga lebo yake ya msimu kwenye pembe ya mnyama.

Nilishangaa. Serikali ilimpa lebo moja tu, ya mnyama mmoja kwa msimu. Kuifunga pale kulimaanisha msimu wake umekwisha mwezi wa kumi haujaisha, bila pande moja la nyama, na hakuna mtu yeyote ambaye angejua kama angeiweka mfukoni. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ndogo.

“Nimemuua, Mama Zuhura,” alisema. “Kwani niandike jina la nani?”

Kisha akanawa mikono bwawani, maji yakiwa baridi ya kuuma, akachelewa sana kuikausha.

Jumamosi iliyofuata watoto walimuuliza nyama iko wapi, maana wengine waliitegemea kuliko wazazi wao. Zuhura alinisimulia jioni. Mwalimu alifunga kitabu, akawaambia kwamba alipiga vibaya, mnyama akateseka siku nzima, na nyama yake haikufaa kuliwa. Mvulana mmoja alimuuliza, kwa Kiingereza, kama alilia. Mwalimu alimjibu palepale kwa Kiswahili kwamba bado. Watoto wakatazamana, maana mara hii hakumtaka arudie. Simu hakuitaja kabisa. Zuhura hajui mpaka leo.

Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Mwaka uliofuata, tukiwa barabarani kwenda shambani, nilianza kuomba radhi. Nilisema ile simu, Mwalimu, ile simu siisahau. Aliniacha nimalize, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

“Mshale ulitoka mkononi mwangu,” alisema. “Simu ilikuja baada ya saa nane nzima.”

Akafungua dirisha na kuanza kulalamikia mwendo wa lori lililokuwa mbele yetu.

Sijui hata leo kama alikosea kungoja. Nimelifikiria sana. Kama tungekwenda asubuhi kabla ya mvua, huenda damu ingetuongoza, au huenda tungemfukuza hadi barabara kuu. Niliwahi kumuuliza, akasema naye hajui, na kwamba watu wanaojua huwa hawajawahi kufuata wanyama wengi. Aliwinda misimu minne zaidi. Alipata watatu, wote karibu, wote siku hiyohiyo. Kisha bega likamkatalia. Alijaribu kuvuta upote mbele yangu sebuleni, ukafika nusu, akaurudisha taratibu, akaenda kuchemsha chai.

Baadaye nilihamia Richmond Hill kwa sababu ya kazi, na tukapotezana kama watu wa miji mikubwa wanavyopotezana, kwa salamu za sikukuu tu. Ilipita kama miaka mitatu. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi, akanipigia simu. Hakusalimia vizuri. Aliniuliza kama bado nina gari.

Mkwe wa mwenye shamba, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, fundi wa malori, alikuwa amempiga kulungu mapema asubuhi na kumpoteza. Ilionekana Mwalimu alishakuwa mtu wa kuitwa kwa mambo hayo, mashamba manne au matano kule kaskazini yalikuwa na namba yake. Nilimchukua Flemingdon Park. Alikuwa amepungua, ana mkongojo wa alumini, na amevaa koti la kijani lililomzidi. Njia nzima alinisimulia makosa ya mwalimu mpya wa Jumamosi.

Mkwe alikuwa akitungoja, uso umemshuka. Alisema damu ilikuwa nyingi mwanzo, kisha ikakatika. Alitaka kuwaita wenzake wanne waupekue msitu kwa mstari. Mwalimu alimwomba aonyeshe mshale. Aliufuta kwa kidole, akakisugua kidole na gumba: mafuta. Aliomba nywele. Zilikuwa ndefu, ncha nyeusi. Tukaanza kutembea, taratibu sana kwa sababu ya mkongojo, kando ya njia. Damu ilipungua kama mkwe alivyosema, kutoka kiganja kizima hadi tone, kutoka tone hadi kidoa kilichokauka. Nyayo hazikuyumba. Mnyama hakulala popote. Mahali pamoja Mwalimu alisimama muda mrefu mbele ya kichaka kidogo, akanionyesha vitawi vitatu vilivyokatwa, vibichi, vina unyevu.

“Amekula,” alisema.

Alimweleza mkwe, kwa Kiingereza chake cha kampuni ya umeme, kwamba mshale ulipita juu, kwenye mafuta na msuli wa mgongo, na kwamba mnyama huyu hafi. Mkwe hakuridhika. Aliuliza ana uhakika gani. Mwalimu akasema hana, ndiyo maana bado tunatembea.

Tulimwona penye ukingo wa msitu, ng’ambo ya shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa. Mwalimu alinipa darubini kwanza, sijui kwa nini. Alikuwa jike mnene wa majira ya baridi, na juu ya mgongo wake palikuwa na mfereji wa nywele zilizonyolewa, damu imeganda. Alikuwa akitafuna, taya zikizunguka. Alinyoosha shingo nyuma, akaulamba mfereji ule mara mbili, akarudi kwenye mahindi. Mkwe aliinua upinde kidogo. Mwalimu hakumzuia. Alimwambia tu kwamba ule uwindaji wa asubuhi umekwisha, akitaka kuanza upya ni haki yake, ila aanze upya kweli, si kumalizia. Mkwe alipima umbali kwa macho, akashusha upinde, akakaa kwenye gogo na kujifuta uso.

Nilimrudishia Mwalimu darubini. Alitazama kwa muda mrefu, mwanamke asiyeweza kusubiri lifti, mkongojo umeegemea kwenye paja lake, mpaka kulungu akashiba, akageuka, na kuingia mitini kwa miguu yake minne bila haraka.

“Hajambo,” akasema Mwalimu.